Dereva wa maziwa aliyelia kama ng'ombe siku ya binti yake

Jua halijachomoza, na Verlin Pruett tayari ameingiza pua yake kwenye tundu la tangi la maziwa. Anavuta hewa polepole, macho ameyafumba, kama mpishi anayefunua sufuria ya pilau. Ameridhika. Anachovya kijiti cha kupimia, anakisoma, anachota maziwa kidogo kwenye chupa ya sampuli, kisha anavuta mpira mnene kutoka kwenye lori na kuufunga kwenye tangi. Pampu inaanza kunguruma.

Nje, ng'ombe mmoja analia. Ni mlio mrefu, wa kudai chakula.

Verlin anainamisha kichwa. Masikio yake yanageuka mekundu.

"Kila siku hivi," anasema bila kuulizwa. "Mashamba tisa kila zamu, na wote wanalia. Unadhani pana pa kukimbilia?"

Hapana. Mtu wa miaka hamsini na saba anayeendesha lori la maziwa katika wilaya ya Ellery hawezi kuwakimbia ng'ombe. Na tangu Aprili hawezi kuwakimbia binadamu pia, maana nao wakimwona wanalia vilevile.

Jambo lenyewe ni la mpira wa uwanjani, na hapa kwetu jambo la mpira ni jambo la kila kitu. Jimbo lina vyuo vikuu viwili vya umma. Harwick iko mjini, ina minara na maktaba yenye nguzo za marumaru, na imetoa majaji na magavana. Bascom ilijengwa katikati ya mashamba ili watoto wa wakulima wajifunze kulima na kutibu mifugo, na hata sasa inaporusha vyombo angani, watu wa Harwick wanaiita "zizini". Watu wa Bascom nao wanawaita wenzao "wafunga tai". Wanasema mtu wa Harwick hafungui tai hata akienda kuoga.

Mara moja kwa mwaka, Jumamosi inayofuata Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, timu zao hukutana katika mpira wetu huu wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Wiki hiyo wapo wanandoa wanaolala vyumba tofauti.

Uwanjani Harwick ipo desturi. Mtangazaji akilitaja jina la wageni, lazima alivute: "Baaascom." Na watu elfu themanini, mawakili kwa wauza karanga, hujibu kwa kinywa kimoja: "Muuu." Mtoto huijua kabla hajajua kuomba maji.

Verlin ameijibu tangu akiwa na miaka kumi na miwili.

Ajabu ni kwamba Verlin hakusoma Harwick. Hakusoma chuo chochote. Aliacha sekondari akiwa amebakiza mwaka mmoja, baba yake alipovunjika nyonga na ng'ombe wakabaki bila wa kuwakamua. Lakini ukimsikia akisema "chuo chetu", utadhani yeye ndiye aliyebeba matofali ya msingi.

Si peke yake. Asubuhi ya Jumatatu, katika mkahawa wa Wanda, meza ya dirishani imejaa wanaume waliovaa bluu ya Harwick, wakila mikate laini kwa mchuzi mzito wa soseji na kugombea heshima ya vyuo kana kwamba ni mirathi.

"Bascom wamepanda kwenye orodha ya vyuo bora," mmoja anasema kwa huzuni, kama anayetaja msiba. "Uhandisi wao umetupita."

"Orodha hiyo imeandikwa na nani? Na ng'ombe?"

"Sisi tuna jaji wa mahakama ya juu."

"Yule aliyefungwa?"

"Alifungwa, ndiyo. Lakini alifungwa akiwa jaji."

Wanda anapita na birika la kahawa. Kati ya wanaume wale wote, aliyewahi kukaa darasani Harwick ni mmoja tu, naye aliondoka mwaka wa pili. "Waliosoma hawana muda wa kubishana," Wanda anasema. "Wanafanya kazi, walipe mikopo."

Zamani Verlin alikuwa na kiti chake kwenye meza ile. Sasa anakunywa kahawa ndani ya lori.

Ukimuuliza mapenzi hayo ya Harwick yalianzia wapi, hazungumzii mpira. Anazungumzia harufu.

"Nilikuwa nanuka," anasema, mikono kwenye usukani. "Nilikuwa nakamua kwanza, ndipo napanda basi la shule. Nikiingia tu, watoto wanafungua madirisha. Theluji iko nje, wao wanafungua madirisha."

Mjomba wake alimnunulia koti la bluu lenye herufi kubwa ya Harwick kifuani.

"Siku nilipolivaa, wakayafunga. Labda baridi ilizidi siku hiyo. Lakini mimi niliamini ni koti."

Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema. Verlin hakuikataa kazi ya kwao. Kwao ndiko kunakomlipa dola ishirini na sita kwa saa mpaka leo, na nyumba anayoishi imejengwa na maziwa tangu msingi hadi bati. Alichotafuta ni nguo ya kuivaa juu yake tu, ili watu wasinuse.

Kisha akapata binti.

Delaney Pruett, mtoto pekee, alikulia kwenye kiti cha abiria cha lori la maziwa. Akiwa darasa la tatu alimsaidia mkulima mmoja kumvuta ndama aliyekwama, akarudi kwenye lori akiwa na damu hadi viwikoni, akauliza kama kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wapo. Na katika jimbo zima, chuo kinachowafundisha ni kimoja tu.

"Alipoambiwa amepata nafasi Bascom, alilia kwa furaha," anakumbuka Nadine, mke wa Verlin, mpishi wa shule ya msingi. "Huyu alimkumbatia, nisimsingizie. Halafu Jumapili kanisani watu wakamuuliza Delaney yuko wapi siku hizi."

"Nilisema anasomea udaktari," Verlin anasema.

"Malizia."

"Nikasema anasomea udaktari, halafu nikauliza habari za mvua."

"Watu wakadhani yuko Harwick, anasomea kutibu watu," anasema Nadine. "Nikamwambia, Verlin, mtoto akijua unamficha, atauliza kuna aibu gani. Akanijibu ni utani wa mpira tu. Utani gani wa mpira unaomfuata mtu mpaka kanisani?"

Verlin anatazama viatu vyake. Nyumbani kwa Pruett, Nadine akianza kusema, viatu vya Verlin hutazamwa sana.

Aprili iliyopita ikafika siku ya kuvishwa makoti. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo, kabla ya mwaka wa mwisho wa kwenda mashambani kutibu, hupewa koti jeupe mbele ya wazazi. Verlin alinyoa ndevu, akavaa shati jipya. Mlangoni mwa ukumbi wa Bascom, Nadine alimvua kofia yake ya bluu na kuitumbukiza kwenye mkoba.

"Nilidhani nimemnyang'anya silaha," anasema.

Walikaa safu ya nne. Majina yakasomwa, kiapo kikaapwa, watu wengine wakajifuta machozi. Mwishoni mkuu wa kitivo, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliwaambia vijana wavae makoti. Akanyanyua mkono. Ukumbi ukatulia tuli.

"Mabibi na mabwana," akasema, na kwa fahari akalivuta jina la chuo chake, "hawa ndio madaktari wapya wa Baaascom."

Aliyelelewa vizuri, ukimpigia hodi, mdomo wake husema karibu kabla kichwa hakijauliza ni nani. Kabla ya makofi, katika kile kimya kidogo cha watu kuvuta pumzi, safu ya nne ikatoa mlio. Ulikuwa mmoja tu, mrefu, wa kifua kipana.

"Muuu."

"Nilisikia mtu analia," anasimulia Verlin. "Nikageuka nimwone huyo mjinga ni nani. Nikakuta Nadine ananitazama mimi."

Yupo aliyekuwa akirekodi kwa simu. Katika video hiyo Delaney anaonekana jukwaani, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti na wa pili unatafuta tundu la mkono. Mlio unapotoka, mkono ule unasimama hewani. Kisha unaendelea. Wenzake wanatazama huku na huku, wengine wanacheka. Yeye hatazami. Anaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, macho chini, hadi cha shingoni kabisa ambacho hakuna anayekifunga.

Sauti ya baba yake anaijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwimbia ndani ya lori.

Kwenye maegesho ya magari, Verlin alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Baba," Delaney alisema, "ulikuwa unanicheka mimi au unawacheka wao?"

"Simcheki mtu, mwanangu. Mlio ulitoka wenyewe. Haki ya Mungu sikukusudia."

"Najua hukukusudia," binti akamjibu. "Ndiyo maana inauma."

Akaingia kwenye gari la rafiki yake. Tangu siku hiyo hajalala nyumbani kwao.

Mtu mwingine angejifungia ndani mpaka watu wasahau. Bahati mbaya ya Verlin ni kwamba hakuna aliyemlaumu. Wiki haikuisha, video ile ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima, na wa bluu wote wakamwona shujaa. Kituo cha mafuta kikakataa pesa yake ya kahawa. Fulana zikachapwa, zina mdomo wake wazi kifuani. Mchungaji alimkonyeza akiwa madhabahuni.

"Uliingia nyumbani kwao, ukawalilia mbele ya mkuu wao," aliambiwa na Rusty Coyle, muuza matairi na mwenyekiti wa mashabiki wa Harwick hapa Ellery. "Verlin, sisi wengine tunalia tukiwa elfu themanini. Wewe ulikwenda peke yako."

Na Verlin alifanya nini?

"Nilicheka," anasema. "Andika hilo. Wiki ya kwanza nilicheka nao. Kahawa yao nilikunywa. Fulana nilichukua, ipo kabatini. Mtoto wangu alikuwa hapokei simu, na mimi nilikuwa natia saini fulana."

Walipomwomba, katikati ya kiangazi, asimame katikati ya uwanja siku ya mechi na kipaza sauti ili aongoze mlio, alikubali. Zawadi ilikuwa viti viwili karibu na mstari, maisha yake yote. Kiti chake cha siku zote kiko juu mno. Nadine anasema huko ndege hupita kwa chini.

Kwa hiyo wiki ya mechi ilipofika, Verlin alikuwa na ahadi moja ya uwanjani, na swali moja nyumbani lililokuwa halijajibiwa. Mwezi Mei Delaney atahitimu. Mama yake ameshaalikwa. Kuhusu baba, binti alikuwa amesema neno moja tu: ataona.

Jumanne ya wiki hiyo, lori linaingia shambani kwa Merle Teague. Teague ana ng'ombe mia tatu na shahada ya uchumi ya Harwick, ya kweli, imetundikwa kwenye chumba cha maziwa juu ya sinki. Uani limeegeshwa gari jeupe la Bascom. Verlin analiona, anazima injini, anakaa kwanza.

"Yuko humu," anasema.

Anashuka hata hivyo. Ananusa, anapima, anafunga mpira. Kabla hajawasha pampu, Delaney anatoka zizini. Amevaa ovaroli ya kijani na glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, na mavi yamemrukia hadi shavuni. Mwalimu wake yuko zizi la pili. Baba na binti hawajaonana tangu Aprili.

Delaney hamsalimii baba yake. Anamwendea Teague, aliyesimama kando ya tangi.

"Bwana Teague, yule wa mwisho kwenye mstari niliyemdunga sindano jana, mwenye kiwele kibovu. Utepe wake mwekundu wa mguuni, wa kuonya kwamba maziwa yake yasichanganywe, nimeuokota kwenye mavi. Leo amekamuliwa pamoja na wenzake?"

Teague anajikuna shingo. "Huenda."

"Basi maziwa haya yasiondoke mpaka yapimwe."

"Ng'ombe mmoja kwa mia tatu, binti? Hiyo ni sawa na kutema mate mtoni."

"Mate yasingenisumbua. Hii ni dawa. Ikiingia kwenye lori, inaharibu na maziwa ya wenzako waliotangulia kupakia."

Teague anatabasamu. Si mtu mbaya. Majirani wanasema hajawahi kumnyima mtu trekta. Anamgeukia Verlin, anamkonyeza, kama mtu anayempasia rafiki mpira, kisha anamjibu daktari:

"Muuu."

Mfanyakazi aliyekuwa akifagia anaangua kicheko. Delaney hakasiriki wala hakunji uso. Anangoja tu kicheko kiishe, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke barabara. Inaonekana ameshazoea kungoja.

Verlin ameshika mpira wa maziwa kwa mikono miwili.

"Wanakufanyia hivi kila mahali?" anauliza. Ni maneno yake ya kwanza kwa binti yake baada ya miezi saba.

"Si kila mahali," Delaney anasema. "Kule kilimani kuna mzee mmoja ni kiziwi."

Hakuna anayecheka, hata Delaney mwenyewe hacheki. Verlin anainama, anafungua mpira kutoka kwenye tangi, anaukung'uta, anaanza kuukunja.

"Unafanya nini?" Teague anauliza.

"Siyachukui, Merle."

"Acha mchezo, bwana. Kiwandani watapima wenyewe."

"Watapima yakiwa yameshaharibu ya watu wengine. Daktari amesema yapimwe hapahapa."

"Daktari yupi? Huyu mtoto wako?"

"Huyo."

"Tangu lini wewe unawasikiliza watu wa zizini?"

Verlin anamalizia kuukunja mpira. Shingo imemwiva hadi kwenye kola.

"Tangu sasa hivi," anasema. "Nimechelewa. Najua."

Vipimo vilitoka mchana, na dawa ilikuwemo. Teague aliyamwaga maziwa yote kwenye shimo la samadi. Kumpigia simu Delaney hakumpigia, na alipokutana na Verlin safari iliyofuata ya lori walizungumza habari za mvua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale uani, Verlin alipokuwa akipanda kwenye lori, Delaney alimfuata mpaka mlangoni huku akivua glavu.

"Bwana Teague asingelia vile," aliuliza, "ungekataa?"

Baba mwingine angejua la kusema. Verlin alimgeukia, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori.

"Sijui," alisema.

"Basi," Delaney alisema. "Angalau hujanidanganya." Akarudi kwa ng'ombe wake.

Siku hiyohiyo, kabla ya kurudi nyumbani, Verlin alipitia dukani kwa Rusty Coyle. Rusty alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Jumamosi sitakuja," Verlin aliiambia miguu.

"Una mafua?"

"Nina binti."

"Mimi ninao watatu, na wote watakuwepo." Rusty alijivuta nje, akamtazama, akaona kwamba hatanii. "Bwana, ni utani wa mpira. Yeye mwenyewe anajua."

"Anajua. Leo nimemwona anavyojua."

Rusty alifuta mikono kwa kitambaa. Ni mtu aliyewahi kumfungia Verlin tairi mbili kwenye baridi kali bila kuuliza malipo, na hakuwa na nia ya kumuumiza. "Haya, usije. Tutaweka video kwenye skrini kubwa. Sauti yako tunayo."

"Nisingependa muiweke."

"Verlin, ile sauti siyo yako tena. Ni ya Harwick."

Verlin anapoyarudia maneno hayo sasa, anayasema taratibu, kama mtu anayesoma bei ya kitu alichokwisha kununua.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Shukrani. Nadine alichoma bata mzinga, akaandaa viti vitatu, kisha akakiondoa kimoja kabla ya kukaa. Delaney alikuwa zamu, alisema kwenye simu. Ng'ombe hawana sikukuu.

Jumamosi Verlin aliomba zamu ya dereva mwenzake, shabiki wa Bascom, ili huyo aende uwanjani. Mwenzake alifikiri ni mtego. "Unataka nini kwangu?" aliuliza mara mbili.

Ilikuwa mechi ya kwanza ya Bascom ambayo Verlin anaikosa tangu apewe lile koti. Kofia hakuivaa. Redio aliiwasha, maana tabia ya miaka haiondoki kwa siku nne. Bendi zikapiga, wimbo ukaimbwa, mtangazaji akawakaribisha wageni. Halafu akasema kuna sauti moja ambayo jimbo zima linaifahamu.

Ndipo Verlin akajisikia. Kwanza akiwa peke yake, kwenye vipaza sauti, mlio ule ule wa Aprili. Kisha watu elfu themanini wakaitikia.

Alisimamisha lori kando ya barabara, kati ya mashamba mawili ya mahindi yaliyovunwa.

"Wewe umewahi kumpa mtu funguo zako," anauliza, "halafu ukasimama nje unamsikia anavyohamisha vyombo vyako?" Hangoji jibu. "Niliwaza, huko Bascom Delaney ana televisheni kwenye chumba cha zamu. Hata asipoitazama, wenzake wataitazama. Nikazima redio. Lakini kuzima kwangu hakukuzima ya mtu mwingine."

Alipofika kiwandani mlinzi alimpa habari njema: Harwick wameshinda kwa tofauti ya pointi tatu. Verlin aliuliza ni lango gani la kushushia liko wazi.

Watu wa meza ya dirishani wana nadharia zao. Wengine wanasema ni mgonjwa. Wengine wanasema Bascom wamempa binti yake sharti. "Ananyimwa mjukuu," alieleza mmoja, ingawa mjukuu hayupo. Wanda aliwaambia wale mikate yao. "Mtu akiona aibu hapa," alisema, "mnampeleka hospitali."

Sasa siku ya Jumatano, ambayo ndiyo mapumziko yake, Verlin anaingia kwenye gari lake dogo na kurudi kwenye mashamba yaleyale anayozunguka wiki nzima na lori. Anavua kofia, anagonga, anasema alichokuja kusema. Hana hotuba. Anasema kwamba yule daktari wa Bascom anayekuja hapa ni binti yake, kwamba yeye ndiye aliyemfanyia ubaya, na kwamba wakitaka kulia, wamlilie yeye, binti wamwache afanye kazi.

Matokeo si ya kujivunia. Shamba la kwanza walimkaribisha ndani na kumpa keki ya maboga. La pili walimlilia hapohapo mlangoni, mume na mke, kisha wakasema haya, tumesikia. La tatu mwenye nyumba alimwambia kwamba akina Pruett wamekuwa wepesi wa kuumia tangu waanze kusoma.

"Kwa Merle Teague nitakwenda mwisho," anasema Verlin. "Nikienda mapema nitamlaumu yeye. Alichofanya alijifunza kwangu."

Lipo jingine alilolifanya. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja alimuuliza tena Delaney yuko wapi siku hizi. Verlin alisema Bascom. Alisema anatibu ng'ombe. "Mzee akaniambia, ala, ng'ombe wangu mmoja anachechemea, anaweza kuja? Basi. Miaka minne nilikuwa nahangaika na mvua, na mzee alichotaka ni mtu wa kumtazamia ng'ombe."

Delaney, aliyeombwa kuzungumzia makala haya, alijibu kwa simu akiwa barabarani kwenda shambani. Alisema anampenda baba yake, na kwamba hayo hayahusiani na hasira aliyonayo. Kuhusu Mei alisema ameshamwambia mama, muulizeni mama.

Mama yuko jikoni, anamenya viazi. Verlin amesimama karibu na friji na koti la kazi mwilini, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa kukaa.

"Alipiga jana usiku," Nadine anasema, bila kuinua macho. "Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umelala, na kwa sababu nilitaka ulale bila kujua siku moja zaidi."

"Amesemaje?"

"Amesema ukitaka kuja, uje. Ila usikae mbele. Ukae nyuma kabisa, karibu na mlango, ili ukijisikia unataka kufungua mdomo, utoke."

Verlin anatikisa kichwa kukubali. Anatikisa tena. Anaomba kalenda, kisha anakumbuka kwamba ruhusa ya Mei ameshaiomba kazini tangu wiki iliyopita, kabla hajajua kama atahitajika.

"Usianze kufurahi," Nadine anamwonya. "Kutoka sasa mpaka Mei ni mbali, na wewe nakujua."

"Sifurahi," anasema Verlin, na kwa mara ya kwanza siku nzima masikio yake si mekundu. Anavuta kiti, anakaa, anachukua kisu na kiazi. Anamenya kidogo.

"Lakini karibu na mlango," anasema, "bado ni ndani."